Saa ile ilitengenezwa na nani? Kulifungua fundo la Somewhere in Time

Ukiitazama Somewhere in Time pamoja na watu, usitegemee kulala mapema. Filamu ikiisha na machozi yakishafutwa, lazima mmoja atauliza: "Sasa ile saa ilitoka wapi?" Hapo ndipo usiku unapoanza upya. Ubishi huo nimeushuhudia sebuleni kwetu zaidi ya mara moja, na kila mara naona watu wanapishana kwa sababu wamechukua nyuzi kadhaa wakazifanya fundo moja. Leo nataka tulifungue. Kwa ambaye hajaitazama naomba radhi mapema, maana haiwezekani kulieleza fundo hili bila kusimulia hadi mwisho.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka 1972, katika chuo kimoja cha Marekani, kijana Richard Collier anapongezwa kwa mchezo wa jukwaani alioandika, uliochezwa jioni hiyo kwa mara ya kwanza. Katikati ya shangwe bibi kizee asiyemfahamu anapenya kwenye umati, anamsogelea, anamtia saa ya mfukoni kiganjani na kumwambia neno moja tu: nirudie. Kisha anaondoka. Usiku uleule, chumbani mwake, bibi anasikiliza santuri yake, na huo ndio usiku wake wa mwisho duniani. Richard hajui lolote kati ya hayo. Miaka minane baadaye ni mwandishi mwenye jina huko Chicago, ila kalamu imekauka. Anaingia kwenye gari bila mpango, na safari inamfikisha Grand Hotel, kwenye kisiwa cha Mackinac, jimbo la Michigan. Katika chumba cha kumbukumbu za hoteli anaiona picha ya mwanamke kijana ukutani, na moyo wake haurudi tena mahali pake. Mwanamke huyo ni Elise McKenna, mwigizaji aliyecheza kwenye ukumbi wa hoteli hiyo mwaka 1912. Richard anapekua maktaba hadi anaipata picha ya Elise wa uzeeni, na anamtambua. Ni yule bibi wa saa.

Kuanzia hapo hana kazi nyingine ila kutafuta njia ya kufika 1912. Anafika. Wanapendana. Halafu, asubuhi wanayopanga maisha yao, anaingiza vidole kwenye kijifuko cha suti yake, anatoa senti moja, anaiona imeandikwa 1979, na palepale anavutwa kurudi alikotoka huku Elise akipiga kelele za kumwita. Saa inabaki kwa Elise. Atakaa nayo hadi 1972, atakapokwenda kumtia kijana mmoja kiganjani.

Christopher Reeve, aliyekuwa amevaa joho la Superman mwaka 1978, ndiye Richard. Jane Seymour ni Elise, na Christopher Plummer ni William Robinson, meneja wake mkali. Mwongozaji ni Jeannot Szwarc. Filamu ilitoka Oktoba 1980, waigizaji wa Marekani wakiwa kwenye mgomo, hivyo nyota wake hawakuweza kuitangaza ipasavyo na sinemani ikapita bila kishindo. Televisheni ndiyo iliyoipa uhai wa pili. Leo hii kila Oktoba wapenzi wake hukutana katika hoteli ileile wakiwa wamevaa kama watu wa 1912.

Tuanze na uzi ambao watu huupita haraka: Richard anasafiri vipi? Hakuna mashine, hakuna radi. Anamwendea mwalimu wake wa zamani wa falsafa, Dakta Finney, jina linalowakumbusha wasomaji Jack Finney, ambaye riwaya yake ya 1970 ina safari ya namna hiyohiyo. Mwalimu anamsimulia kuwa aliwahi kulala kwenye hoteli kongwe mjini Venice, akajiambia tena na tena kwamba yumo katika karne nyingine, na kwa kitambo kidogo sana anaamini alikuwamo. Siri, anasema, ni kuondoa machoni kila kitu cha wakati wa sasa. Kwa hiyo Richard anatafuta suti ya kizamani na sarafu za kale, anakata nywele, na chumba chake cha hoteli anakisafisha hadi kisibaki na kitu cha 1980. Analala chali, kinasa sauti kikimrudishia sauti yake mwenyewe: leo ni tarehe 27 Juni, 1912.

Anashindwa. Kinachomfungulia njia si juhudi zaidi bali ushahidi. Anawaza kwamba kama kweli alifika 1912, basi alipanga chumba, na kama alipanga chumba, jina lake limeandikwa mahali. Anapanda darini usiku, anafunua madaftari ya wageni yaliyojaa vumbi, anapangusa ukurasa kwa kiganja, na pale kwenye mistari ya tarehe 28 Juni 1912 anakuta mwandiko wake: R. Collier, chumba namba 416, saa 3:18 asubuhi. Mikono inamtetemeka. Hahitaji tena kujilazimisha kuamini, maana sasa anajua. Anarudi chumbani, analala, na safari hii anafika.

Neno ushahidi ndilo ufunguo, naomba tulishike. Katika filamu hii akili ya mtu hukaa katika wakati ule ambao ushahidi unaithibitishia. Daftari linampeleka 1912 kwa sababu linamhakikishia kuwa yumo. Senti ya 1979 inamng'oa kwa sababu inashuhudia kinyume. Senti haina uchawi wowote, ni shahidi aliyesahauliwa mfukoni. Na hapa linajibika swali ambalo sebuleni kwetu liliwahi kututoa jasho: mbona saa, aliyokuja nayo kutoka 1980, haikumrudisha? Kwa sababu haina mwaka juu yake unaoipinga 1912. Ni saa ya mfukoni ya kizamani. Mtu wa 1912 akiitoa mfukoni hakuna anayegeuza shingo. Suti yake ndiyo iliyogeuza shingo za watu, maana hata kwa watu wa wakati ule ilionekana imepitwa.

Sasa rudi kwenye daftari. Richard alikwenda kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa, na jina liliandikwa kwa sababu alikwenda. Huo ni mduara, na wengi wakishauona husema filamu imekosea. Haijakosea. Hadithi nyingi za safari za wakati zina mtu anayerudi nyuma, anasogeza kitu kimoja, na dunia yote inageuka. Humu hakuna kinachogeuka. Wakati ni mmoja, umekwishaandikwa, na safari ya Richard imo ndani yake tangu mwanzo. Tuna methali yetu kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Filamu hii inaikubali methali hiyo neno kwa neno. Richard hakwenda 1912 kuyazoa maji. Alikuwapo yalipokuwa yanamwagika.

Wanafizikia wanalijua wazo hili. Mwaka 1949 mwanahisabati Kurt Gödel alionyesha kuwa milinganyo ya Einstein inaruhusu, kwa hesabu tu, ulimwengu ambao njia za wakati hujipinda na kurudi zilikoanzia. Baadaye Mrusi Igor Novikov akatetea kanuni kwamba, hata kama njia hizo zipo, yanayotokea humo lazima yaafikiane yenyewe kwa yenyewe. Mtu aliyerudi nyuma hawezi kulivuruga lililokwisha kuwa, kwa sababu alilolifanya huko tayari ni sehemu ya lililokuwa. Daftari la Grand Hotel ni kanuni ya Novikov iliyoandikwa kwa wino.

Picha ya ukutani nayo ni mduara, na kwangu ndiyo mzuri kuliko yote. Richard alimpenda Elise kwa sababu ya namna alivyotazama pichani. Si tabasamu la mtu anayepigwa picha. Macho yanang'aa kama ya mtu aliyemwona wake akiingia mlangoni. Tunapofika 1912 tunaiona picha hiyo ikipigwa. Mpiga picha amejificha nyuma ya kamera, Elise amekaa, uso umetulia kikazi. Ghafla anageuza macho, anamwona Richard amesimama pembeni, uso wote unafunguka, na hapohapo picha inapigwa. Mwanamume aliyepigwa mshale na tabasamu hilo mwaka 1980 ndiye aliyelisababisha mwaka 1912. Basi nani alimpenda mwenzake kwanza? Hesabu miaka ni Elise. Fuata maisha ya Richard ni yeye. Ukiuzunguka mduara hutakuta mahali palipoandikwa "mwanzo". Hata maneno ya kwanza ya Elise, walipokutana kando ya maji, ni swali: je, ni wewe? Robinson alikuwa amekwisha kumwambia kwamba siku moja atatokea mwanamume wa kuyageuza maisha yake.

Lakini angalia: katika daftari na picha, hakuna kitu kilichozunguka. Daftari lilitengenezwa kiwandani, likaandikwa, likapandishwa darini, likachakaa. Picha ilipigwa, ikatundikwa, ikapauka. Kilichozunguka ni sababu na matokeo yake. Saa ni habari nyingine kabisa, na ndiyo maana nasema watu wamechanganya nyuzi.

Fuata mkondo wake. Elise anampa Richard mwaka 1972. Richard anakwenda nayo 1912. Anamwachia Elise. Elise anaitunza hadi 1972 na kumpa Richard. Umeona? Hakuna duka. Hakuna kiwanda. Hakuna mtu aliyewahi kukaa mezani akaunganisha magurudumu yake. Saa ipo kwa sababu ipo.

Mwaka 1992 Novikov na mwenzake Andrei Lossev waliandika makala kuhusu vitu vya namna hii, na jina walilovipa, nililisoma nikakaa kimya kidogo. Waliviita majini. Walilitwaa neno kwa Waarabu, kama sisi tulivyolitwaa, na msomaji wa pwani hahitaji kutafsiriwa: kitu kinachojitokeza pasipo mahali pa kutoka, na kutoweka pasipo mahali pa kwenda. Wakayagawa mafungu mawili, majini yaliyo vitu na majini yaliyo habari. Saa ya Elise ni jini la fungu la kwanza.

Tatizo la jini la aina hiyo si kwamba halina mtengenezaji. Tatizo ni uchakavu. Kila mzunguko saa inaishi miaka 60 mikononi mwa Elise na 8 kwa Richard, jumla 68. Saa inayofika 1912 ndiyo ileile iliyoondoka 1980, na ndiyo ileile itakayozeeka miaka 68 mingine hadi iondoke tena 1980. Sasa chukua saa hiyo umpelekee fundi saa, yule mwenye kimeza chake na kioo cha kukuzia jichoni. Atafungua kifuniko cha nyuma na kukiinamisha kwenye mwanga. Saa za mfukoni za zamani mara nyingi zina mikwaruzo midogo ndani ya kifuniko, namba na herufi ambazo mafundi waliotangulia walikwaruza kwa ncha ya chuma kila waliposafisha au kubadili springi. Ni kumbukumbu za mafundi. Tuseme Elise aliipeleka kwa fundi mwaka 1930, na fundi akaweka alama yake. Alama hiyo inakwenda na saa hadi 1972, hadi 1980, hadi 1912. Kwa hiyo mwaka 1930 fundi alipofungua kifuniko, alama yake ilikuwa tayari imo! Na akiweka nyingine, nayo ilikuwa imo. Kifuniko hakiwezi kupokea hata mkwaruzo mmoja mpya, dhahabu haiwezi kulika hata chembe, springi haiwezi kulegea hata kidogo. Na saa isiyochakaa kabisa hatujawahi kuiona.

Lossev na Novikov hawakusema haiwezekani. Walisema jini linaweza kuwepo iwapo nguvu kutoka nje inalirekebisha, kila lililoharibika lirudishwe kama lilivyokuwa kabla mduara haujajifunga. Kwa saa ya Elise maana yake ni kwamba mtu au kitu, wakati fulani kati ya 1912 na 1980, kiliirudisha upya chembe kwa chembe. Si haramu kihesabu. Ila ni muujiza wa ufundi.

Kuna njia rahisi ya kutoka, na wabishi wazuri huiona. Filamu haituonyeshi miaka 60 ya katikati. Yawezekana saa aliyoachiwa Elise ilipotea au ikafa, naye, akijua lazima siku moja amkabidhi Richard saa, akanunua nyingine inayofanana nayo. Hiyo ya pili ilitengenezwa kiwandani kama saa zote, ikapewa Richard, ikaenda 1912, ikafia mikononi mwa Elise. Mduara umekatika na jini limetoka. Kimantiki sina cha kulipinga jibu hilo. Kimoyo nalikataa, kwa sababu bibi aliyepenya umati ule hakuwa amebeba mfano wa saa. Alikuwa amebeba alichoachiwa.

Muziki huwachanganya watu zaidi, nao si mgumu. Wakiwa kwenye mtumbwi, Richard anaimba kwa pua wimbo ambao Elise hajawahi kuusikia ingawa anaupenda muziki wa mtunzi Mrusi Rachmaninoff. Hawezi kuwa ameusikia. Ni sehemu ya 18 ya muziki uitwao Rapsodia juu ya wazo la Paganini, mpiga fidla na mtunzi wa zamani, na Rachmaninoff aliitunga mwaka 1934. Uzeeni Elise ana kibweta cha muziki chenye umbo la Grand Hotel, na ukifungua kinapiga wimbo uleule. Je, nao ni jini, la fungu la habari? Ungekuwa jini kama Rachmaninoff angeusikia kwa Elise. Hakuna dokezo la hilo. Tunajua alikoutoa: alichukua muziki wa Paganini akaupindua, noti zilizopanda zikashuka na zilizoshuka zikapanda, na huzuni ile nzito ikazaliwa. Elise aliujua miaka 22 kabla, basi. Aliusubiri utungwe, kama alivyomsubiri mwimbaji azaliwe.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Filamu imetokana na riwaya ya Richard Matheson ya mwaka 1975, Bid Time Return, iliyopata tuzo ya World Fantasy mwaka 1976. Jina lake ni maneno ya Shakespeare: Mfalme Richard wa Pili amechelewa siku moja kurudi kutoka Ireland, wanajeshi 12,000 wameshatawanyika, na mtu wake anamwambia aiite jana irudi, auamuru wakati urejee. Matheson aliipata riwaya hiyo kutokana na picha: alikuwa Virginia City, Nevada, katika jumba la michezo la zamani, akaona picha ya mwigizaji Maude Adams na kuvutwa nayo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeandika mswada wa filamu, na hata anatokea humo kwa sekunde chache, akiwa bwana wa 1912 anayemshangaa Richard akinyoa ndevu.

Katika kuuandika mswada alibadili mengi. Riwaya iko Hotel del Coronado, California, na safari ni kutoka 1971 hadi 1896. Filamu ikahamia Mackinac kwa sababu Coronado ilikuwa imezingirwa na mambo ya kisasa, wakati kisiwa kile kilikuwa kimepiga marufuku magari tangu 1898. Hadi leo watu wanapanda farasi na baiskeli, na hoteli ya 1887 bado ina baraza yake ndefu yenye nguzo nyeupe. Ilibidi ruhusa maalumu itolewe ili Richard afike na gari lake.

Badiliko kubwa ni jingine. Richard wa riwayani ana uvimbe kwenye ubongo na anajua hana muda. Tunayoyasoma ni maandishi yake, yaliyotolewa na kaka yake Robert baada ya kifo, na daktari anaamini safari yote ilikuwa ndoto za ubongo ulioumia. Msomaji anaachiwa mlango wazi: alikwenda, au alifariki akiota?

Filamu iliuondoa uvimbe. Na mahali pake, tangu dakika za mwanzo kabisa, ikaweka saa. Fikiria inavyofanya kazi. Bibi anampa Richard saa mwaka 1972, kabla Richard hajaiona picha, hajasikia jina la Elise, hajakanyaga hoteli. Hakuna daktari awezaye kusema aliota, kwa sababu saa ilimfikia miaka minane kabla ya ndoto. Kitu kilekile kinachoisumbua akili, kisicho na fundi wala kiwanda, ndicho kinachothibitisha kuwa safari ilikuwa kweli. Ukilitoa jini, umemtoa shahidi. Nadhani Matheson alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana sikubali watu wakisema saa ni kosa lililompita mwandishi.

Unabaki uzi mmoja, wa Elise. Richard akimtembelea mwanamke aliyemtunza Elise uzeeni, anakuta miongoni mwa vitu vyake kitabu cha Dakta Finney kuhusu safari za wakati, kimesomwa hadi kimechakaa. Elise alikwisha kuelewa, basi. Mwaka 1972 alipoingia kwenye ukumbi ule akiwa na saa mkononi, alijua kijana yule akiichukua atamfuata, na akimfuata atamkuta, na atakapomkuta itafika asubuhi ya senti. Alijua pia miaka 60 iliyofuata ilivyokuwa, maana alikuwa ameimaliza kuiishi. Angeweza kubaki nyumbani jioni hiyo. Alivaa, akatoka, akapenya katikati ya vijana wanaocheka, akakifungua kiganja cha Richard, akaiweka saa, akakifunga.